Bei ya Chumba Haiishii Kwenye Kodi

Msimu wa kufungua vyuo umewadia. Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis itaanza kupokea vijana wenye mabegi yaliyojaa mpaka zipu zinalia, ndoo mpya mkononi, na bahasha ya vyeti iliyobanwa kwapani ili isipotee katika msukumano. Wengine wanatoka Kigoma, wengine Mtwara, wengine Bukoba. Udahili wameshaupata. Majibu ya mkopo wengine wanayo, wengine bado wanayasubiri. Linabaki swali ambalo mzazi humuuliza mtoto wake kwenye simu kabla hata ya kuuliza kama amekula: utalala wapi?

Leo nataka tuzungumze habari za chumba cha mwanafunzi, kilicho karibu na chuo, kwa bei anayoimudu. Mfano wangu utakuwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini wewe uliyepangiwa Morogoro, Mbeya, Mwanza au Iringa utazisikia habari zako humu humu, kwa sababu dalali ni dalali popote alipo.

Na neno langu la leo naliweka mezani mapema. Kodi unayotajiwa ni mwanzo tu wa bei. Bei yenyewe ni kila shilingi na kila saa itakayokutoka ili uamke, uoge, ufike darasani, ule, usome na urudi salama usiku, tangu wiki ya kwanza mpaka mtihani wa mwisho. Ukiipiga hesabu hiyo kikamilifu, utashangaa. Vyumba vingi vinavyoitwa rahisi vitakutoka machoni, na vichache vilivyoonekana ghali vitakuvutia.

Kwanza tukumbushane tumefikaje hapa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Aliyechaguliwa kusoma enzi hizo hakuwa na shughuli na dalali. Serikali ilimpa nafasi ya masomo, ikampa na kitanda. Mambo yakabadilika miaka ya tisini, sera ya uchangiaji gharama ilipoingia. Udahili nao ukapanuka mwaka hadi mwaka, na mabweni hayakuweza kukimbia kwa mwendo huo. Hosteli ya Mabibo ikaja kupunguza makali. Aprili 2017 zikafunguliwa hosteli za Magufuli, majengo 20 yenye nafasi ya wanafunzi 3,840. Ni msaada mkubwa, hakuna anayebisha. Lakini wanafunzi wa Mlimani ni makumi ya maelfu, na jirani yao pale pale ni Chuo Kikuu Ardhi, nacho kina wanafunzi wake. Wote hao wanatafuta vyumba katika mitaa ile ile: Changanyikeni, Msewe, Savei, Makongo, Ubungo, Riverside, Kibangu, Sinza, Mwenge, Mabibo. Watu wengi wakigombea vyumba vichache, mwenye chumba ndiye anayeshika usukani.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni mfupi. Omba bweni la chuo, na uombe mapema, siku dirisha la maombi linapofunguliwa. Gharama ya kitanda cha chuo ni sehemu ndogo tu ya kodi ya mtaani, na ukipata bweni lililo ndani ya chuo unakwenda darasani kwa miguu. Usikate tamaa kwa kusikia kwamba nafasi huwa hazitoshi. Wapo wanaozikosa kwa sababu tu walisikia maneno hayo wakaacha kuomba. Ukikosa awamu ya kwanza, fuatilia, maana kuna wanaoahirisha masomo na kuna wanaopata nafasi wasizitumie.

Najua kuna njia nyingine ambayo haijaandikwa popote. Wanachuo wenyewe wanaiita kubebana. Mwenye kitanda anambeba mwenzake aliyekosa, wanalala mzungu wa nne, na chumba cha watu wanne kinakuwa cha watu wanane. Ni utu, na wengi wenye shahada zao leo wasingezipata bila kubebwa na rafiki. Lakini ni kinyume cha kanuni za mabweni, na wakaguzi wakipita mbebaji na mbebwaji wote wana kesi. Kubebana kukusaidie wiki mbili tatu za mwanzo, wakati unatafuta chumba kwa macho yako. Kusiwe ndiyo makazi ya mwaka mzima.

Sasa twende mtaani. Chukua karatasi na kalamu, msikilizaji, tupige hesabu pamoja. Bei nitakazotaja ni za mfano, wewe weka za kwako.

Kijana wa kwanza amepata chumba Changanyikeni, nyuma ya chuo, kwa shilingi 100,000 kwa mwezi. Kijana wa pili amepata Kimara, kwa shilingi 60,000. Wa pili anamcheka mwenzake, anamwambia wewe umepigwa, mimi naokoa shilingi 40,000 kila mwezi. Haya, tumfuate huyu wa Kimara. Asubuhi anapanda gari mpaka Ubungo, anashuka, anapanda jingine la kumfikisha chuo. Tukadirie shilingi 600 kila gari. Kwenda ni 1,200, kurudi ni 1,200, jumla 2,400 kwa siku. Kwa siku tano za masomo ni 12,000. Kwa wiki nne ni 48,000. Jumlisha na kodi yake ya 60,000, unapata 108,000. Ameshampita wa Changanyikeni, na bado hajapanda bodaboda usiku ule aliochelewa, wala hajalipa nauli ya Jumamosi aliyoitwa kwenye diskasheni.

Hiyo ni pesa. Kuna na muda. Foleni ya barabara ya Morogoro unaijua, na kubadili gari Ubungo unakujua. Tuseme saa moja kwenda na saa moja kurudi. Kwa wiki ni saa 10. Kwa muhula wenye wiki 15 za vipindi ni saa 150. Saa 150, ndugu yangu, ni siku 21 za kusoma saa saba kila siku. Mwenzake wa Changanyikeni anazo, yeye zimebaki barabarani. Maktaba mpya ya Mlimani, iliyofunguliwa Novemba 2018, inaweza kuchukua wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Kitu cha namna hiyo kina faida kubwa kwa anayeweza kukaa humo mpaka usiku. Anayewahi gari la mwisho anakiangalia kwa nje.

Nisieleweke kwamba mbali ni kubaya siku zote. Tazama ratiba yako ya vipindi kwanza. Kama masomo yako yanaangukia siku tatu kwa wiki, nauli ya yule wa Kimara inashuka mpaka 28,800 kwa mwezi, na jumla yake inakuwa 88,800. Hapo yeye ndiye mwenye akili. Ndiyo maana nasema piga hesabu, usifuate maneno ya watu. Chumba kinachomfaa mwanafunzi wa uhandisi mwenye maabara asubuhi na jioni si lazima kimfae wa sheria aliye mwaka wa mwisho.

Na wapo wanaokwenda kukaa kwa ndugu. Shangazi yuko Tabata, baba mdogo yuko Mbagala. Kodi hakuna, chakula kipo, na mzazi kule nyumbani analala usingizi. Ni neema, tusiidharau. Lakini nyumba ya ndugu ina kazi zake. Kuna watoto wa kufundisha, kuna duka la kukaa, kuna maji ya kuteka, na mgeni mwenye adabu hakatai. Wazazi mnaowapeleka watoto kwa ndugu, zungumzeni mapema, watu wazima kwa watu wazima, kwamba huyu amekuja kusoma na kipindi cha mitihani aachiwe nafasi. Mtoto hawezi kulisema hilo mwenyewe mbele ya shangazi yake.

Tuingie sasa kwenye jambo linalowaumiza wengi kuliko kodi yenyewe, nalo ni namna kodi inavyodaiwa. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo. Wengine wanataka mwaka. Mwanafunzi naye anaishi kwa bumu, zile fedha za chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 kiwango kilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, kwa aliyepangiwa kiwango kamili. Bumu la siku 60, basi, ni shilingi 600,000. Sasa rudi Changanyikeni: shilingi 100,000 mara miezi sita ni 600,000. Umeona? Bumu lote limekwenda kwa mwenye nyumba, na dalali bado anadai ada yake ya kodi ya mwezi mmoja, shilingi 100,000 nyingine. Godoro halijanunuliwa. Mtungi wa gesi haujanunuliwa. Na kwa siku 60 zinazokuja, huyu kijana atakula nini?

Hapo ndipo njaa ya chuoni inapoanzia. Vijana hula mlo mmoja kwa siku, huku wana chumba kizuri chenye vigae. Na hapo ndipo binti anapoambiwa na mtu mzima, usihangaike, mimi nitakulipia chumba. Dada zangu mnaonisikiliza, chumba cha kulipiwa kina kodi yake, na haikusanywi kwa shilingi. Siku mtakapokosana, funguo zitadaiwa usiku.

Dawa yake ni nini? Ya kwanza ni ya wazazi na walezi. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai. Kutoka hapo mpaka vyuo kufunguliwa kuna kama miezi mitatu. Badala ya kukimbilia kumnunulia simu ya bei mbaya ya kumpongeza, wekeni fungu la chumba. Ndugu wanaochangia sherehe wanaweza kuchangia kodi. Pesa hiyo ikiwapo kabla ya bumu, mtoto ataanza chuo bila deni na bila njaa.

Dawa ya pili ni kuzungumza na mwenye nyumba. Watanzania tuna aibu ya kuomba kupunguziwa masharti, tunadhani tutaonekana hatuna kitu. Kwani una kitu? Wewe ni mwanafunzi. Nenda na kitambulisho cha chuo au barua ya udahili, nenda na mzazi au mlezi ikiwezekana, mweleze: mama, nakuomba nianze na miezi mitatu, na mitatu mingine nitailipa bumu la pili likitoka. Mama mwenye nyumba akiona mtu mwenye adabu na mpango, mara nyingi atakuelewa kuliko dalali alivyokutisha. Dalali anashikilia miezi sita kwa sababu anataka biashara iishe leo.

Dawa ya tatu ni kupanga wawili au watatu. Chumba kikubwa cha shilingi 120,000 kikikaliwa na wawili kinakuwa 60,000 kwa kila mmoja, na hapo mmepata ukaribu wa Changanyikeni kwa kodi ya Kimara. Lakini mchague mwenzako kwa makini kuliko unavyochagua chumba. Chumba kibaya unaweza kukihama, ila mwenzako mbaya anaweza kuhama yeye Februari, akakuachia kodi nzima. Kabla hamjaungana, semeni waziwazi: nani ananunua gesi, wageni wanalala au hawalali, mpenzi anakuja saa ngapi na anaondoka saa ngapi, taa inazimwa lini. Na majina yenu wote yaandikwe kwenye mkataba. Urafiki wa kidato cha sita ni kitu kizuri, lakini hamkuwahi kulipa umeme wa LUKU pamoja.

Kuna na hosteli za watu binafsi, ambazo zimeota mitaa yote hii. Unalipia kitanda, mara nyingi kwa muhula au kwa mwaka, na humo mna mlinzi, maji, na kitanda tayari. Kwa mgeni wa mji, hasa binti wa mwaka wa kwanza, ni njia nzuri ya kuanzia. Uliza tu mambo mawili. Geti linafungwa saa ngapi? Kama ni saa nne usiku na wewe una mazoea ya kusoma maktaba, jiulize vizuri. Na je, kupika kunaruhusiwa? Mahali pasiporuhusu kupika utakula kwa mama lishe mara tatu kwa siku, na hilo nalo liingie kwenye karatasi yako ya hesabu.

Sasa tufike kwa dalali mwenyewe. Simtukani. Ni mtu aliye kazini, na mji huu bila madalali ungekuwa mgumu. Lakini mjue anavyofanya kazi. Kwanza atakudai hela ya kuzungushwa, ya kukuonesha vyumba. Atakuonesha viwili vibaya ili cha tatu kikupendeze. Atakuambia, mdogo wangu, kuna mtu anakuja saa kumi kukilipia hiki. Mtu wa saa kumi huwa yupo kila siku. Usilipe kwa kukimbizwa. Ada yake ya mwezi mmoja iwe baada ya kuonana na mwenye nyumba, kusaini mkataba na kushika funguo.

Na unaweza kumpunguza kabisa. Tembea kwa miguu mtaa unaoutaka. Nguzo za umeme zina karatasi zinazosema chumba kinapangishwa, namba ipo. Muulize mwenye genge, muulize fundi cherehani, muulize mlinzi wa duka, maana hawa wanajua nani anahama wiki ijayo. Waulize wanafunzi wanaomaliza mwaka, wengi wanaacha vyumba Julai na Agosti, na baadhi watakuachia na kitanda kwa bei ya kutupa. Anayetafuta Agosti anachagua. Anayetafuta wiki ya kufungua chuo anachaguliwa.

Matapeli wapo, na wanalijua hili kundi la wageni. Kuna anayepangisha chumba kimoja kwa watu watano, anachukua kodi za wote, siku ya kuhamia mnakutana mlangoni na magodoro yenu. Kuna anayejiita mwenye nyumba na kumbe ni mpangaji anayehama. Kabla hujatoa pesa, fika ofisi ya serikali ya mtaa, muulize mtendaji au mwenyekiti: nyumba hii ni ya nani? Jibu lake laweza kukuokolea kodi ya nusu mwaka. Na ule ujumbe wa simu unaosema, mimi mwenye nyumba wako, ile kodi tuma kwenye namba hii nyingine, ufute. Kodi ipite benki au kwenye namba iliyoandikwa ndani ya mkataba, jina liwe la mwenye nyumba, na risiti uihifadhi.

Usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Chumba kikague mara zaidi ya moja na kwa saa tofauti. Mchana utaona rangi na vigae. Usiku utasikia mengine. Sinza ina raha zake na ina spika zake. Simama nje saa nne usiku, sikiliza kama kuna baa, kama kuna gereji ya kuchomelea, kama kuna mkesha wa kila Ijumaa. Tembea njia yenyewe kutoka chuo mpaka mlangoni, ukihesabu taa za barabarani. Kama kuna kichochoro au kichaka ambacho wenyeji wanakuambia huko usipite baada ya magharibi, ujue ndiko njia yako ilipo, na wewe unabeba kompyuta mgongoni. Vibaka wanaijua ratiba ya chuo.

Angalia mvua. Wengi wanapanga Oktoba na Novemba, ardhi ikiwa kavu au vuli ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Masika ya Machi mpaka Mei yatakukuta umeshalipa. Kwenye mabonde na kando ya mitaro, tazama kuta kwa chini. Kama kuna mstari wa rangi ya kahawia unaopita nyumba nzima kwa kimo kimoja, maji yameshawahi kufika hapo na yatarudi. Muulize jirani, usimuulize dalali.

Uliza maji. Swali la kama yapo halitoshi, kwa sababu jibu lake siku zote ni yapo. Uliza yanatoka siku zipi, kama ni ya mamlaka ya maji, DAWASA, au ya kisima, kama ni ya chumvi, na yasipotoka dumu la lita 20 linauzwa shilingi ngapi. Fungua bomba mwenyewe. Choo na bafu vinachangiwa na watu wangapi, na kama viko nje, kuna taa?

Uliza umeme. Mita ya LUKU ni yako peke yako au ni ya nyumba nzima? Mita moja ikichangiwa na vyumba vinane, mwenye taa moja na chaji ya simu atalipa sawa na mwenye friji na pasi. Tena wateja wadogo wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi huuziwa umeme kwa bei nafuu, na nyumba ya wapangaji wanane kwenye mita moja haiwezi kubaki kwenye daraja hilo. Na kuna jambo ambalo wapangaji wengi hawalijui. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Wewe unayenunua umeme ndiye unayekatwa, kwa hiyo mkubaliane mapema irudishwe au ipunguzwe kwenye pango.

Ukisharidhika, dai mkataba wa maandishi, hata kama mwenye nyumba ni mtu wa dini na anakuita mwanangu. Tanzania Bara haina tena sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo ulinzi wako mkubwa ni karatasi uliyosaini. Iandikwe kodi ni kiasi gani na haitapanda mpaka lini. Iandikwe nani anatengeneza bomba likipasuka. Iandikwe notisi ya kuhama ni ya muda gani kwa pande zote mbili. Na wewe mwanafunzi ongeza kifungu cha likizo. Mwaka wa masomo unaishia Julai, mkataba wa miezi 12 unakudai mpaka Oktoba. Je, unaruhusiwa kumwachia chumba mwenzako aliye kwenye mafunzo kwa vitendo Dar es Salaam miezi hiyo, akulipe? Ukikubaliwa kwa maandishi, umeokoa kodi ya miezi miwili mitatu. Siku ya kuingia piga picha kuta, dirisha, sinki, ili siku ya kutoka usidaiwe ufa uliokutangulia. Badilisha kitasa, maana aliyekaa kabla yako huenda ana ufunguo. Mambo yakiharibika, anzeni kwa mazungumzo, halafu serikali ya mtaa, na yakishindikana lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Nina maneno machache pia kwa upande wa pili. Wenye nyumba, mwanafunzi ni mpangaji mzuri. Anajulikana anakosoma, na mdogo wake atakuja mwaka kesho. Kumpa nafasi ya kulipa kwa miezi mitatu hakukupotezei kitu, na kunakuletea chumba kisichokaa wazi. Nao uongozi wa vyuo, nyumba za kupanga zilizozunguka chuo zinafahamika. Ofisi ya malezi ya wanafunzi ikiwa na orodha ya nyumba zilizokaguliwa, na mfano wa mkataba wa ukurasa mmoja, kijana wa Kigoma hatahitaji kumtegemea mtu aliyekutana naye stendi. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanza mwaka 2007 kilijengwa na mabweni yake ndani, tukaona inawezekana. Vyuo vya zamani haviwezi kujengwa upya, lakini orodha inaweza kuandikwa mwezi huu.

Na wewe kijana unayefunga begi lako sasa hivi, nakuomba ufanye jambo moja kabla hujatoa hata shilingi. Andika kwenye karatasi kodi, nauli, maji, umeme, chakula na ada ya dalali, halafu ugawe kwa miezi utakayosoma. Fanya hivyo kwa vyumba vitatu, uvilinganishe. Chumba nafuu ni kile utakachoweza kukilipia mpaka mtihani wa mwisho, bila kuacha kula na bila kuogopa njia ya kurudi. Kitafute hicho, na usikubali kuharakishwa.